Jibu la Kwanza

Mikeka hutandikwa kabla jua halijawa kali, maana mkeka ukipata joto kabla ya kikao huanza kuonyesha watu wasiokuwepo. Minza alitandika minne katika chumba cha udongo cha Sungwi, penye koki kuu. Aliipangusa mchanga kwa kitambaa kikavu, akapiga magoti, akaanza kuibonyeza kwa kiganja mmoja baada ya mwingine huku akisikiliza. Mkeka mzima hutoa mlio mdogo kama wa nyuki aliye mbali. Wa Lukondo ulilia. Wa Mwasengo ulikwaruza, akaufunga tena nyuzi zake za pembeni, ukalia. Wa Ibambala na wa Nhelela vilevile.

Visima vilikuwa vinne na kila kisima kilikuwa na mkeka wake. Mtu akiketi kwenye mkeka kule Nhelela, alionekana ameketi hapa Sungwi, na ukili ulibonyea kwa uzito wake kana kwamba amefika kwa miguu. Kwa miguu hakuna aliyekuwa akifika tena bila sababu kubwa. Mchanga ulikuwa umemeza barabara, na jua la mchana lilikuwa likimwangusha mtu kabla hajamaliza kiu ya kwanza.

Mwenyekiti aliingia akijifuta shingo. Jina lake Nkwabi, mtu mrefu aliyeinama kidogo, kama anayeogopa dari.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba. Ungo umeuweka daraja gani?"

"La tatu."

"Weka la tano."

Minza aliutazama Ungo. Ulikuwa sahani pana ya shaba iliyoning'inia ukutani, na maneno yote ya kikao yalipita humo kabla ya kuwafikia wengine. Ungo uliyatikisa, ukabakiza punje, ukatupa makapi. Makapi yalikuwa kikohozi, kigugumizi, kimya, neno lililosemwa mara mbili, na salamu. Katika daraja la tano haukubakiza kitu ila jibu la kwanza la kila swali. Mtu akishalitoa, Ungo ulimfunga sauti na kumgeukia anayefuata.

"La tano linakata sana," Minza alisema.

"Ndiyo kazi yake. Unakumbuka kikao cha mwaka juzi?"

Alikikumbuka. Setilaiti iliyobaki ilikuwa moja, tena mbovu. Ilipita juu yao mara moja kwa mwezi, ikakaa muda wa mtu kusonga ugali na kuunga mboga yake, kisha ikazama. Muda huo waliuita dirisha. Mwaka juzi wazee walisalimiana, wakaulizana ndoa na misiba, mpaka dirisha likafungwa ajenda haijaguswa. Pampu ya Lukondo ilikuwa inasubiri ruhusa ya kupumzishwa. Ikaungua.

"Mimi mwenyewe natamani kuwasalimu," Mwenyekiti alisema. "Mke wangu kwao ni Lukondo. Sijui hata shemeji zangu wako hai au vipi. Lakini leo ajenda ni nzito, binti. Weka la tano."

Minza akapandisha.

Ajenda ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imetangazwa: kisima kipi kifungwe. Mto wa chini, ule uliolisha visima vyote vinne, ulikuwa umepungua, na mto huo ukipungua chumvi hupanda. Ilibidi kisima kimoja kipumzike ili vingine vipate nguvu. Kufunga kilicho dhaifu hakukusaidia kitu, ni kama kuacha kumkamua ng'ombe ambaye tayari hana maziwa. Kinachofungwa kilitakiwa kiwe chenye nguvu, na watu wake wawe na nguvu ya kuhamia Sungwi. Vipimo vya chini vilikuwa vimekufa siku nyingi. Wakawa wanategemea midomo ya watu.

*

Kabla ya kikao mwandaaji hujaribu mikeka. Humwita kila mjumbe peke yake, Ungo ukiwa umezimwa, kwa hewa ndogo inayovuja kabla setilaiti haijapanda vizuri. Kazi hii Minza aliipenda. Mbele ya watu wengi ulimi wake ulikuwa unakauka, lakini akiwa na mtu mmoja maneno yalimjia.

Mzee Sagilu wa Ibambala alitokea juu ya mkeka wake akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Salama. Habari za Ibambala?"

"Njema."

"Wote wazima?"

"Wazima kabisa, sijui ninyi."

"Sisi wazima. Mkeka haukubani?"

"Mkeka hauna neno. Mgongo ndio umekuwa mkorofi, hautaki kunisikiliza." Akacheka, meno yake machache yakaonekana.

"Na bibi hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu." Mzee akawa anachezea ukingo wa mkeka kwa kidole. "Njema tu, mjukuu wangu. Ila haya maji siku hizi yana chumvi."

"Chumvi kiasi gani?"

"Sisi wakubwa tunayameza. Watoto wadogo ndio hawayawezi. Wanavimba miguu, halafu wanalala. Tumemzika mtoto wa Limi. Tukamzika na yule wa jirani yake." Aliyasema kwa sauti ileile aliyosemea mgongo wake. "Na wa mwanangu mimi, huyu mdogo, jana hakutaka kunyonya."

Minza akasogea karibu na mkeka.

"Babu, hayo yaseme kwenye kikao."

"Nitayasema. Wakinisalimu nitayasema."

"Hawatakusalimu. Mwenyekiti atakuuliza hali ya kisima, na utakalojibu kwanza ndilo litakalofika. Ukisema njema, basi imekuwa njema. Na kinachosema njema ndicho kitakachofungwa."

Mzee aliacha kuchezea mkeka. "Yaani mtu aniulize hali, nimjibu mbaya? Hata sijajua yeye kaamkaje?"

"Ndiyo, babu."

"Kwani nimegombana naye?"

"Hamjagombana. Ni kikao tu. Tujaribu, mimi ndiye Mwenyekiti." Minza akanyoosha mgongo. "Ibambala, hali ya kisima?"

"Nje..." Mzee akajiziba mdomo kwa kiganja. Mabega yake yakatikisika kwa kicheko.

"Tena. Ibambala, hali ya kisima?"

"Maji yana..." Akasita, akamwangalia kwa huruma. "Lakini wewe umekunywa hata uji kweli? Mbona umekonda hivyo?"

"Babu!"

"Haya, haya. Nimekosea. Uliza."

Aliuliza mara nyingi. Kila mara neno la kwanza lilitoka lenyewe, kama mguu unavyokanyaga ngazi iliyozoeleka. Mwisho mzee aliacha kucheka.

"Mimi nimekuwa hivi tangu utotoni," alisema. "Mtu huingii kwa watu na kilio chako mbele. Unawapa kwanza nafasi ya kukukaribisha. Sasa nikilia mlangoni, wakikosa la kunifanyia, si nitakuwa nimewaaibisha?"

"Huko Ibambala hakuna kijana wa kukaa badala yako?"

"Vijana wanachimba makaburi." Kisha akaona uso wa Minza, akaongeza haraka, "Na kuchunga, na kuchunga pia. Usiogope. Tutaonana kikaoni, mjukuu wangu."

Mkeka ukainuka, ukawa mtupu.

*

Mwenyekiti alikuwa uani, kwenye kivuli cha tangi. Minza alimweleza macho yakiwa chini. Nkwabi alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kata na kunywa maji kidogo.

"Hayo umeyasikia kwenye majaribio," alisema. "Kwenye kikao hayapo."

"Naweza kuyasema mimi." Sauti ilimtoka ndogo kiasi kwamba alilazimika kurudia. "Naweza kuyasema mimi, Mwenyekiti."

"Ukiwa nani? Wewe si mtu wa Ibambala, na mimi si mtu wa Ibambala. Mwandaaji aliyekutangulia aliwasemea wakwe zake. Wakapewa maji. Kesho yake Lukondo nao wakataka kusemewa, na Mwasengo. Tuliishia kukatana mapanga pale kwenye koki. Baba yako alikuwepo, kamuulize. Tangu siku ile kila kisima kinajisemea."

"Hawezi kujisemea. Nimemjaribu."

"Mfundishe."

"Nimemfundisha."

Mwenyekiti akasugua macho kwa vidole viwili.

"Basi tulegeze Ungo," Minza alisema.

"Tumlegezee nani? Dirisha ni hilohilo moja. Ukimwongezea huyu pumzi, kuna mwingine unamkaba koo. Nani unataka tumkabe? Nitajie, nitakubali."

Minza hakutaja mtu.

"Unaona," Nkwabi alisema kwa upole. "Ndiyo maana nimekwambia la tano. La tano linawakata wote sawa."

Alirudi ndani. Ilibaki Nhelela tu kujaribiwa. Mama Kabula aliketi kwa kishindo, mwanamke mnene mwenye kanga iliyofungwa kifuani na mkono mmoja mweupe kwa unga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, marahaba. Huu mkeka wako unanitekenya makalio, mmeutia nini?"

"Samahani mama, nitaurekebisha. Habari za huko?"

"Njema! Nina uji wa watu jikoni, unaungua. Tuonane baadaye, mwanangu." Mkeka ukainuka kabla Minza hajajibu.

Alijikuta anatabasamu peke yake. Mtu ana uji jikoni, ana unga mikononi, anatania. Nhelela walikuwa na nguvu. Jambo hilo lilimtuliza moyo, na moyo ulipotulia mkono wake ukaanza kufanya kazi ambayo kichwa kilikuwa hakijaikubali. Alisogea kwenye Ungo. Nyuma yake kulikuwa na nyuzi nne, moja kwa kila mkeka. Aliupapasa uzi wa Ibambala, akaulegeza mpaka mwisho. Nyuzi nyingine aliziacha zilivyokuwa, zimekaza.

Zamu zilikuwa zimeshapangwa. Nhelela ilikuwa ya mwisho.

*

Setilaiti ilipopanda, mikeka ilibonyea yote kwa pamoja. Watu wanne wakawa wameketi Sungwi, kila mmoja akiwaona wenzake, na Mwenyekiti katikati yao kwenye kigoda. Minza alikaa nyuma, karibu na ukuta, pale mwandaaji anapokaa, asipoonekana.

"Kikao kimefunguliwa," Nkwabi alisema. "Ajenda mnayo. Lukondo, hali ya kisima?"

Lukondo walikuwa wamemkalisha kijana aliyeizoea mikeka. "Pampu tuliyoitengeneza inakohoa."

"Mwasengo?"

"Tunateka siku moja, siku ya pili tunapumzika."

Ilikwenda haraka, kama mtu anayepanga matofali. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ibambala, hali ya kisima?"

"Njema," alisema Mzee Sagilu.

Nkwabi alisubiri Ungo umfunge. Haukumfunga. Kikaja kimya, kimya kizima kisichopepetwa, ambacho hakikuwahi kusikika kwenye kikao tangu mwaka juzi. Kijana wa Lukondo akainua macho.

"Njema kabisa," mzee akasema tena. "Hamjambo hapo?"

Mwenyekiti alimgeukia Minza. Alielewa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyagwa, lakini mbele yake alikuwa ameketi mzee wa umri wa baba yake, ameuliza, anangoja. Nkwabi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"Hatujambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe si mkwe wa Lukondo wewe? Mkeo hajambo?"

"Hajambo."

"Na huyu kijana, mtoto wa nani?"

"Wa Ng'wandu," kijana akajibu, akasahau kwamba yeye sauti yake imefungwa. Midomo tu ilicheza. Mzee akaisoma midomo, akapiga paja.

"Wa Ng'wandu! Baba yako aliniibia fimbo harusini, mwambie bado naitaka!"

Mjumbe wa Mwasengo akacheka bila sauti. Mama Kabula alicheka mpaka kanga ikamlegea. Kwa muda chumba kile kilikuwa chumba chenye watu, na Minza, mgongo wake ukiwa ukutani, alijikuta analengwa na machozi huku kucha zake zimezama kwenye magoti. Sema, babu. Sema sasa.

Mzee alipangusa fimbo kwa ukingo wa shati.

"Basi ndiyo hivyo, tuko wazima," alisema. "Ila maji yana chumvi. Tunazika watoto."

Akaeleza. Safari hii hakuyasema kama mambo ya mgongo. Alitaja majina ya watoto, na alipofika kwenye jina la mjukuu wake mwenyewe fimbo ilimponyoka, ikaanguka kule Ibambala, wakaisikia Sungwi. Mjumbe wa Mwasengo alijifunika uso.

"Tumekusikia, mzee," Nkwabi alisema. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Akatazama juu, penye taa ya dirisha. Taa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. "Nhelela, hali ya kisima?"

"Njema," alisema Mama Kabula.

Na Ungo, uliokaza kwake kama ulivyopangwa, ukamfunga.

Minza alimwona akiendelea kusema. Alikuwa ameinama mbele, mkeka umebonyea upande mmoja, midomo inakwenda. Alitabasamu kwanza, akaonyesha upande wa mzee, inaonekana alimpa pole. Kisha tabasamu likaondoka. Akainua mkono wenye unga, akaanza kueleza jambo kwa vidole. Sauti hakuna. Minza aliruka kuelekea kwenye Ungo, akapapasa uzi wa Nhelela, vidole vikateleza kwa jasho. Aliushika. Alipouvuta taa ilikuwa imezimika, na mikeka minne ilikuwa imenyooka kama haijawahi kukaliwa.

*

"Jibu jema ni moja tu," Mwenyekiti alisema. Hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka. "Nhelela. Weka kiganja, nikafunge koki."

Ndiyo ilikuwa sheria. Baada ya kikao, mwandaaji huweka kiganja katikati ya Ungo kushuhudia kwamba kila kisima kimeulizwa na kimejibu. Bila kiganja uamuzi hauna nguvu, na koki haigeuki.

"Alikuwa bado anasema," Minza alisema.

"Nimemwona."

"Makapi yake yamo bado."

"Yamo. Ukitaka, yasikilize. Mimi nakushauri usiyasikilize." Nkwabi alikaa kwenye mkeka wa Lukondo, akaegemea mkono. "Usipoweka kiganja hakuna kitakachofungwa mpaka dirisha lijalo. Ibambala watakunywa chumvi hiyohiyo mwezi mzima. Umeyasikia majina ya watoto, si umeyasikia? Ukiweka, maji yatawapandia kesho kutwa. Na watu wa Nhelela watakuja hapa, tutabanana. Tangi litatosha tukikaza."

"Na kama wana jambo?"

"Kila mtu ana jambo, binti. Uliona mwenyewe wakati wa majaribio. Ulimuuliza Mama Kabula?"

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Njema."

"Ukamuuliza tena?"

Minza aliusogelea Ungo, akaweka sikio ukingoni, mahali makapi yanapokusanyika kabla ya kupeperushwa. Sauti ya Mama Kabula ilikuwa ndogo na karibu, kama mtu anayenong'ona kwenye blanketi.

"Njema," sauti ilisema. "Pole sana, mzee wangu, poleni Ibambala, Mungu awape subira. Nimefurahi kukuona. Ila sisi huku nasi kuna..."

Basi. Hapo taa ilipozimika ndipo neno lilipoishia.

Alisikiliza tena. Pole sana, mzee wangu. Ila sisi huku nasi kuna. Alisikiliza mpaka maneno yakaanza kuchakaa. Kuna nini? Kuna harusi? Kuna mbuzi waliokufa? Kuna mtu anaumwa jino? Ila ya Ibambala ilikuwa na majina, na miguu iliyovimba, na mtoto aliyekataa titi. Ila ya Nhelela haikuwa na kitu ndani yake. Alijaribu kuziweka mizani moja akashindwa, maana upande mmoja alikuwa anaweka watoto na upande wa pili anaweka kimya. Na kimya kile ni yeye aliyekitengeneza.

"Nhelela wana nguvu," alisema, kama anayeuliza.

"Huenda wana nguvu," Mwenyekiti alisema.

Kimeulizwa na kimejibu. Hilo lilikuwa kweli. Minza akaweka kiganja. Shaba ilikuwa ya moto, ikamlamba mkono, na makapi yakapeperuka yote kwa mlio mwembamba.

Tangazo la kufunga lilikwenda kwa kengele. Kengele hupeleka maneno machache na hairudishi jibu. Mwenyekiti aliandika: Kisima kimefungwa. Njooni Sungwi. Tutawapokea. Minza aliomba aongeze neno moja. Nkwabi akamwambia nafasi imekwisha.

*

Maji ya Ibambala yalisafika. Habari zililetwa na mchungaji aliyekuja kutafuta ng'ombe wake, akasema mjukuu wa Mzee Sagilu amerudi kunyonya, anashika fimbo ya babu yake na kuing'ata. Sungwi walishangilia. Minza naye alifurahi, furaha ya kweli, ikamkaa mwilini siku nzima.

Watu wa Nhelela walitokea kwenye mchanga jua likiwa linapanda. Walikuja kwa mstari mrefu uliokatikakatika, mablanketi kichwani. Minza alichukua ndoo na kata, akaenda kuwapokea mbali, mbele ya wengine wote. Alimpa maji kila aliyefika, na kila mmoja alimsalimu. Shikamoo, marahaba, poleni na safari, tumeshapoa. Wengi walikuwa vijana na wanawake wenye watoto wakubwa. Alikuwa anatafuta mwili mnene wenye kanga kifuani. Mstari ukaisha hajamwona.

Wa mwisho alikuwa mwanamume wa makamo aliyebeba mtoto mgongoni. Alijitambulisha kwa jina la Bujiku. Minza akamngoja anywe.

"Habari za Nhelela, kaka?"

"Njema, dada yangu."

"Mama Kabula hajambo?"

"Hajambo kabisa. Yuko nyuma."

"Yuko nyuma, anakuja?"

"Anakuja tu. Atakuja." Bujiku alimrudishia kata, akamweka mtoto vizuri mgongoni. Mchanga nyuma yake ulikuwa mtupu hadi upeo wa macho. Alikuwa tayari kuondoka.

Minza akamjazia kata nyingine, akamshikisha mkononi. Alitamani akubali jibu lile. Lilikuwa jibu zuri, lingemtosha mtu yeyote.

"Kaka," alisema. "Habari za Nhelela?"

Mwanamume yule alitazama maji ndani ya kata. Hakuyanywa.

"Njema," alisema. "Ila kuna homa ile ya magoti. Ilituingia mvua zilipokatika. Mtu haumwi, anakula, anacheka, ila hasimami. Nusu ya watu wetu hawasimami. Mama Kabula alikuwa anawapikia uji jiko moja. Tangazo lilipokuja alituambia tunaoweza kutembea tutembee, yeye atakaa nao, wana mitungi michache imejaa. Nasi tuliondoka." Akahesabu kimoyomoyo, akaacha. "Mitungi ile haiwezi kuwa na maji mpaka leo."

Nyuma yao watu wa Sungwi walikuwa wamefika, wanawapokea wageni mizigo, sauti za salamu zimechanganyika. Mwenyekiti alikuwa anaelekeza nani alale wapi. Koki ilikuwa imefungwa kwa kiganja na isingegeuka bila kikao, na kikao kisingekuwepo bila dirisha.

"Wewe ndiye yule binti anayetandika mikeka?" Bujiku aliuliza.

"Ndiyo."

"Nilijua kwa sauti, tulikuwa tunakusikia ukijaribu mkeka. Mama aliniagiza, nikikuona nikushukuru." Akanywa, akafuta mdomo. "Alirudi kutoka kikaoni amefurahi sana. Alisema safari hii angalau watu walisalimiana."